Mtandao wa Kwanza wa Mutahi

Mutahi alipozikwa, mama yake Wakonyo aliweka neno moja: vitu vyake visiguswe mpaka mwaka uzunguke. Ndiyo maana koti lake lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kompyuta mjini Nyeri, na dada yake Wamucii, aliyeshika kazi ya kufundisha pale, akawa anatundika lake kwenye kiti. Wanawake wa kanisa walimsifu kwa kujikaza. Hakuwa amejikaza. Moyo ulikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi.

Kitu kingine ambacho hakikuguswa ni programu ya soga. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nane, kompyuta ikipiga simu Nairobi kwanza ndipo iupate mtandao. Programu yenyewe ilikuwa ya bure, tena yeyote aliruhusiwa kuifungua ndani, kuibadilisha na kuwagawia wengine. Mitandao ya soga ilikuwa mingi, lakini mtu asipochagua, alipelekwa kwenye ule ulioandikwa wa kwanza ndani ya programu. Mutahi aliandika mbele ule wa marafiki zake, watu waliomtoa nje kila mwenye mdomo mchafu. Baada yake, wale walinzi walitawanyika. Wamucii aliona matusi yakizidi humo, akayaona jinsi mtu anavyoona mvua ikinyesha ng'ambo ya bonde. Akaendelea kuinakili programu kwenye diski za shule za Murang'a na Kagio, vilevile alivyoiacha marehemu.

Asubuhi moja Judy, msichana wa Meru aliyekuja kusomea kompyuta, aligeuka kitini.

"Madam, huyu rafiki yenu anauliza mlango ya hosteli inafungwa saa ngapi."

"Rafiki yetu gani?"

"Si huyu wa kwa kompyuta? Anasema anajua Nyeri yote."

"Umemwambia nini?"

"Jina ya hosteli tu. Ya mlango bado."

"Judy! Mtu hata humjui! Si ungeenda mtandao mwingine?"

Judy alimtazama kama aliyeambiwa kuna mlango ukutani. "Kwani iko ingine? Mimi nilibonyeza, ikanileta hapa. Nikajua ni watu wenu."

Wamucii alichomoa waya wa simu. Kisha akauchomeka kwenye simu ya mezani, akampigia matroni wa hosteli, Kabura, na wakakubaliana Judy alale nyumbani kwa Wamucii kwa muda. Sauti yake haikutetemeka. Alifunga chumba, akashuka Karatina kwa mama yake.

Wakonyo alikuwa sokoni, akichambua viazi. Jirani yake Nduta ndiye aliyeanza: "Haiya, madam wa kompyuta! Zimekufukuza ama umekumbuka viazi?"

"Nimekumbuka mama yangu," Wamucii akajibu, akachutama, akaeleza yote.

"Kitu ya Mutahi haiguswi," mama akasema bila kuinua kichwa. "Mwaka haujaisha."

"Mama, ulipofika soko hii mara ya kwanza, uliketi wapi?"

"Hapa. Wachuka, aliyekuwa akiuza hapa kabla yangu, alinionyesha. Hujui hiyo?"

"Na ukahama lini?"

"Nihame niende wapi? Mgeni anaketi pale ameonyeshwa."

"Na kama Wachuka angekuwa mwizi?"

Mkono wa mama ulisimama juu ya kiazi kilichooza. Nduta alijifanya kupanga karoti. Mama alikitupa kile kiazi nyuma, akajifuta kwa leso.

"Mutahi hangemwonyesha mtoto wa mtu mahali pa mwizi," akasema taratibu. "Toa. Lakini koti uache."

Kesho yake Wamucii aliifungua programu ndani. Aliandika wa kwanza mtandao wenye walinzi, ambamo mtu usiyemjua hawezi kukunong'oneza kando mpaka umkubalie. Wa Mutahi hakuupeleka hata chini, aliufuta. Alingoja machozi. Hayakuja. Akawapigia simu walimu wa Murang'a na Kagio: zile diski za zamani zirudishwe, atawapa nyingine.

Judy aliporudi kwenye kompyuta alivuta kiti, akabonyeza palepale alipozoea kubonyeza, akapelekwa alikopelekwa. Hakuuliza ni wapi. Wamucii alisimama nyuma yake akisoma kila salamu iliyoingia, bega lake likiegemea lile koti.