Madabodi ya Kaka, Prosesa ya Wifi

Kompyuta yetu ya kwanza tuliichangia kama harusi. Majina ya waliochanga ninayo kichwani mpaka leo, mmoja mmoja, ila siyaandiki. Wengine wako hai na wana maneno.

Binti yangu alikuwa mpiga chapa katika kampuni ya mkonge. Kampuni ikauzwa. Wenyewe wapya wakawaambia wapiga chapa: baada ya mwezi mtajaribiwa kwenye kompyuta, asiyejua aage. Mashine ya kujifunzia hakuwa nayo, na mshahara wake ndio uliotulisha sote.

Nikaita ukoo. Harusini huyu huleta mchele, yule mbuzi. Nasi tukagawana hivyo hivyo. Fundi, Mpemba aliyekuwa akitengeneza redio, alitutajia vinavyotakiwa, akaonya, "Mkanunue pamoja, nami niwepo." Tukaitikia. Lakini nani ataongozana na fundi kununua zawadi yake? Ni kama kusema huaminiki.

Kaka yangu mkubwa, mfanyabiashara wa Horohoro, kule mpakani, akasema, "Madabodi niachieni mimi." Huo ndio ubao ambao vitu vyote huchomekwa juu yake. Wifi yangu wa Pongwe, mke wa mdogo wangu, akachukua prosesa, ile iliyo akili ya mashine. Wengine kasha, kioo, kibodi.

Wiki mbili baadaye vitu vimejaa mkekani. Fundi akaishika prosesa kwa ncha za vidole, akaitazama madabodi, akaguna.

"Bi mkubwa, hivi havikai pamoja."

"Havikai vipi? Vyote si vya kompyuta?"

"Prosesa hii ni ya mraba, ina pini chini. Ubao huu unataka ile ndefu, inayosimama kama kaseti. Tundu la mraba hauna."

"Si uikandamize kidogo?"

"Nikiikandamiza utakuwa na takataka mbili."

Lo! Mimi ni mtu wa miaka ya foleni: ukiona watu wamejipanga, unajipanga kwanza, kisha ndiyo unauliza kinatolewa nini. Balbu ilikuwa balbu. Sikujua kwamba maduka yakijaa, vitu navyo hukataana.

Wifi akashika kiuno. "Yangu mpya! Mwambieni shemeji abadilishe ubao wake. Au kwa kuwa mimi nimekuja kuolewa tu?"

Fundi naye akasema ya mraba ndiyo ya kisasa, abadilishe mwenye ubao. Kumrudishia kaka mkubwa zawadi! Kwetu huko ni kumvua nguo sokoni. Binti yangu alikuwa akihesabu siku kwa vidole. Zilibaki kumi na tano.

Kesho yake nikaenda Horohoro, prosesa imo kwenye mkoba, imefungwa kwenye sponji.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mashine imewaka?"

Nikamweleza. Kisha akasema, "Muuzaji aliniuliza."

"Alikuuliza nini?"

"Prosesa yenu ya aina gani. Nikaona haya kusema sijui, mtu mzima mimi. Nikamwambia, wewe lete hiyo hiyo."

Hapo nilipigwa na butwaa kuliko mbele ya fundi. Tangu tuzaliwe sikuwahi kumsikia akikiri kosa, hata siku alipomuuza mbuzi wa jirani akidhani ni wetu. Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo prosesa."

Akavuka nayo mpaka Mombasa. Siku ya tatu akarudi na ubao wenye tundu la mraba. Alisema aligoma kutoka dukani mpaka aone kwa macho yake prosesa imekaa.

Mashine ikawaka. Binti yangu akajifunza siku kumi na moja, mpaka vidole vikamvimba. Akajaribiwa, akabaki kazini. Nilipoanza kupiga vigelegele akanishika mkono.

"Mama, tumebaki wawili tu. Aliyenifundisha kupiga chapa ameondolewa."

Mama yule alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku zote kumi na moja alipita mlangoni, akasalimu, nasi tukamwitikia, mashine iko mezani imewaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, karibu ukae.