Siku Laoshi Alipopiga Magoti

Mgeni alikuja Jumapili asubuhi, akiwa na boksi jekundu la keki zile ambazo Wachina hula mwezi wa Septemba, mwezi unapokuwa mpevu. Mimi ndiye niliyemsikia kwanza. Nilikuwa jikoni nachemsha maji, na mwenye nyumba wangu alikuwa anamwagilia maua yake kibarazani. Alipoufungua mlango wa vyuma na kumwona aliyesimama pale, kopo la kumwagilia lilimponyoka, maji yakatapakaa sakafuni. Hakuinama kuliokota.

"Laoshi," mgeni alisema, "unanikumbuka?"

"Nakukumbuka."

Laoshi maana yake mwalimu. Uchochoro mzima ulimwita hivyo, nami nikamwita hivyo hivyo, kwa sababu kwetu Njombe mwalimu ni mwalimu hata akishastaafu, na shikamoo yake haipungui. Alikuwa mjane wa umri wa mama yangu mkubwa, mwembamba, mwenye nywele fupi nyeupe, na alikuwa amefundisha lugha sekondari karibu maisha yake yote. Nilikuwa nimepanga chumba kwake, ghorofa ya nne, si mbali na mtaa wa Xiaobei. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na Watanzania mjini Guangzhou tulikuwa wachache kiasi kwamba watu walisimamisha baiskeli zao kututazama. Kazi yangu ilikuwa kuwatafsiria wafanyabiashara waliotoka nyumbani kununua nguo, vikombe na vifaa vya shule kwenye maduka ya jumla ya barabara ya Yide Lu, maana Kichina nilikuwa nimekisomea chuoni hapo hapo mjini.

Nami nilikuwa na woga wangu. Sheria ilimtaka mgeni aripoti polisi mahali anapolala, na sisi tulikuwa hatujaripoti. Laoshi alisema kituo cha polisi ni mahali asipoweza kuingia, nami sikutaka kwenda peke yangu nikafukuzwa. Kwa hiyo kila nilipoona sare kwenye kona, nilizunguka njia ya mbali, roho juu.

Mgeni yule alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe, nywele zimechanwa kwa maji. Alijitambulisha kwangu kwa adabu kwamba ni mwalimu mkuu wa shule iliyo mtaa wa nyuma. Alieleza kwamba lile hekalu la zamani la Konfusio, yule mwalimu wao wa kale, limekarabatiwa. Kwa miaka mingi lilikuwa ghala. Sasa, siku ya kuzaliwa kwake, wangemfanyia heshima kama walivyofanya wazee: ngoma, filimbi, ubani, watoto wakicheza na manyoya ya ndege mkononi. Walimu wastaafu wangekaa mbele, na wanafunzi wao wangewainamia.

"Wewe ulikuwa mwalimu wangu," alimwambia. "Usipokuja, kutakuwa na pengo."

"Nitakuja," Laoshi alijibu upesi, kabla hata mgeni hajamaliza kusema.

Mgeni alipokwisha kuondoka, Laoshi alifunga makomeo yote mawili, akakaa kwenye kigoda cha jikoni. Nilimpa chai. Lile boksi la keki alilisukuma kwa mguu mpaka chini ya meza, kama mtu anayesogeza kitu kinachoweza kuuma.

Tangu siku hiyo akawa hali vizuri. Nilimsikia akitembea chumbani kwake alfajiri. Nikamwambia, "Laoshi, kama hutaki kwenda, si umwambie tu hutaki?"

"Yule haambiwi hapana," alisema.

Alinisimulia siku mbili kabla ya sherehe, tukiwa tunachambua mboga. Hakuinua macho kutoka kwenye beseni. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, miaka ya sitini, alisema, wanafunzi walifundishwa kwamba Konfusio ni adui, na kila mwalimu aliyefundisha maneno yake ni adui pia. Asubuhi moja wanafunzi wake mwenyewe waliingia darasani wakiwa wamefunga vitambaa vyekundu kwenye mkono, juu kidogo ya kiwiko. Walimvika kofia ndefu ya karatasi. Walimpeleka uwanjani, wakampigisha magoti juu ya jukwaa, kichwa chini, mikono imekunjwa nyuma na kuinuliwa juu mpaka mabega yalie. Mbele yake waliweka kibao cha mbao chenye jina la Konfusio, walichokitoa kwenye hekalu lile lile, wakampa shoka.

"Ukapasua?"

"Nilipasua. Nilipasua vipande vidogo vidogo, kwa sababu walisema bado vikubwa." Akaendelea kuchambua. "Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Yeye alikataa. Walimchukua, na nilirudishiwa viatu vyake tu."

Mboga ziliisha kwenye beseni, lakini vidole vyake viliendelea kutafuta majani ndani ya maji.

"Na huyu aliyekuja Jumapili?" niliuliza, ingawa mwili wangu ulikwisha kujua.

"Yeye ndiye aliyenishika kichwa."

Niliogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa polisi. Nilikuwa nimemkaribisha mtu yule kiti, nikapokea keki kwa mikono miwili.

"Usiende," nilisema hatimaye. "Nitamwambia unaumwa."

"Nikisema naumwa, atakuja kunitazama." Ndipo akaniangalia. "Dada mdogo, twende wote. Simama mahali ninapoweza kukuona."

Siku yenyewe kulikuwa na joto la kunata. Laoshi alivaa gauni la kijivu lililopigwa pasi mara mbili. Tulitembea kwa miguu, mkono wake kwapani mwangu, na kadiri tulivyokaribia na kusikia ngoma, ndivyo alivyozidi kuwa mzito. Mimi pia nilikuwa nababaika. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na tangu utotoni nilihubiriwa habari za wale vijana watatu waliokubali tanuru la moto kuliko kuinamia sanamu. Nilijiambia nitasimama nyuma ya kamba na sitainama, na kama polisi watauliza nalala wapi, nitasema sielewi Kichina.

Hekalu lilikuwa limepakwa rangi upya, nguzo nyekundu, vigae vya kijani, na ua mpana wenye miti ya mitini yenye mizizi inayoning'inia kama ndevu. Ndani ya ukumbi wa mbele nilikiona kibao kipya cha mbao, maandishi ya dhahabu, na mezani mbele yake matunda na nguruwe mzima wa kuchoma. Moshi wa ubani ulining'ang'ania kooni. Walimu wastaafu walikaa kwenye viti mstari wa mbele. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kumpokea Laoshi kwa mikono miwili, akamketisha katikati. Laoshi aligeuka akanitafuta. Nilinyoosha mkono juu. Aliponiona, aliitikia kidogo kwa kichwa.

Ngoma kubwa ilipigwa, watoto wakacheza polepole, na kwa muda nilidhani yatapita salama. Kisha watu walianza kusukumana ili waone vizuri. Kipaza sauti kikalia, sauti kali ya msichana ikawataka watu warudi nyuma. Mlango wa pembeni ulifunguliwa, na kundi la vijana wa sekondari likaingia likikimbia, wavulana na wasichana, kuja kupanga mstari kati ya umati na viti. Walikuwa wamepewa kazi ya kutunza utaratibu. Walikuwa wanacheka. Na kila mmoja alikuwa amefungwa kitambaa chekundu kwenye mkono, juu kidogo ya kiwiko.

Nilimtazama Laoshi. Alisimama. Hakupiga kelele, wala hakukimbia. Alitoka kwenye kiti chake kama mtu aliyeitwa, akapiga hatua chache mbele, akapiga magoti juu ya mawe. Akainamisha kichwa mpaka shingo yote ikawa wazi. Halafu, taratibu, aliirudisha mikono yake nyuma na kuiinua juu.

Sitasahau sauti iliyofuata, kwa sababu ilikuwa makofi.

Watu walidhani anamsujudia mwalimu wao wa kale. Bibi mmoja karibu yangu alifuta machozi, akasema, "Tazama moyo wa mwalimu wa zamani." Walimu wawili wengine walishuka kwenye viti nao wakapiga magoti kando yake, kwa heshima. Mpiga picha alichuchumaa mbele yake. Wale vijana wenye vitambaa walisogea kumzunguka ili asikanyagwe, na kila walivyosogea mikono yake ilizidi kupanda. Nilijua mabega yale. Nyumbani hakuweza kufikia kopo la chumvi rafu ya juu bila kuguna kwa maumivu.

Katika umati ule wote, tuliofahamu maana ya magoti yale tulikuwa watatu tu. Nilimwona mwalimu mkuu. Uso wake ulikuwa umekauka kama chokaa. Alimsogelea, akainama kumwinua, akamgusa kichwani. Laoshi akaanza kusema, kwa sauti ya mtoto anayekariri somo, "Nina hatia. Nina hatia. Nina hatia."

Sikumbuki nilivyovuka kamba. Nakumbuka polisi mmoja akinishika bega, nami nikimpita. Nilipiga magoti mbele ya kibao kile, mimi mtoto wa mzee wa kanisa, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuufikia uso wake.

"Laoshi," nilimwambia sikioni. "Ni mimi, dada mdogo. Tunakwenda nyumbani. Mboga zitaharibika."

Ilinilazimu kuishusha mikono yake mmoja baada ya mwingine. Gauni lake lilikuwa limelowa, na si kwa jasho peke yake. Nilivua mtandio wangu nikamfunga kiunoni. Umati ulitupisha njia kwa heshima, wengine wakiinamisha vichwa, na yule polisi mwenyewe alitufungulia lango.

Jioni ile nyayo zilisikika ngazini, na mtu akabisha taratibu. Laoshi alinishika mkono nisiende. Tulisimama nyuma ya mlango, kucha zake ndani ya ngozi yangu.

"Laoshi," ilikuja sauti ya mwalimu mkuu. "Vitambaa vile… Sikufikiri. Nakuapia, sikufikiri kabisa." Tukamsikia akiegemea mlango. "Nilikuwa na miaka kumi na mitano."

Laoshi hakufungua. Tulimsikia akilia, mtu mzima yule, kisha tukasikia nyayo zikishuka.

"Utamsamehe?" nilimwuliza baadaye, nikimkanda mabega kwa mafuta.

"Huko bado sijafika," alisema. "Kwanza namwogopa."

Majuma yalipita, na polisi hawakuja. Kulipoanza kupoa, aliniomba nimsindikize hekaluni siku ya kawaida, pasipokuwa na watu. Tulifika langoni, akageuka, tukarudi. Mara ya pili alivuka lango akafika mpaka mtini wa kwanza, akaushika shina, akatazama ukumbi kwa mbali. Mzee aliyekuwa anafagia alimwuliza kama anaumwa. Alijibu hapana, anapumzika.

Nilirudi Tanzania mwaka uliofuata, kabla ya mara ya tatu. Alinisindikiza mpaka kituo cha basi, akanipa mboga kavu nyingi kuliko mzigo wangu ulivyoweza kubeba. Nilimwamkia kwa Kiswahili, shikamoo, nikamwambia ajibu marahaba. Alijaribu, ulimi ukamkataa, akajaribu tena. Basi likaondoka akiwa bado anajifunza neno lile.