Kiswahili cha Amri

Priscilla Gisiri alijifunza Kiswahili kwa polisi. Kwao, nje ya Kegonga, lugha hiyo ilifika pamoja na askari waliofuata ng'ombe walioibwa mpakani, na walichosema kilikuwa kifupi: simama, kaa, fungua. Mwaka 1963 alipopata kazi ya udobi katika hospitali moja ya misheni karibu na Homa Bay, msimamizi wake akamwongezea mengine: fua, anika, kunja. Akiwa na miaka ishirini na mbili alijua vitenzi vingi, na vyote vilikuwa amri.

Mwaka uliofuata alihamishiwa wodi ya wanawake kwa majaribio ya mwezi mmoja. Alikuwa ameitamani kazi hiyo tangu siku ya kwanza alipopeleka shuka kule. Wiki haijaisha, Sista Marcella, mkuu wa wodi, akamwita kando.

"Wagonjwa wanakuogopa. Mwezi ukiisha hivi, utarudi kufua."

Priscilla hakuelewa, hakuwa amempigia mtu kelele. Akaenda kitanda cha nne, kwa Zilpah, mama wa Rusinga aliyevunjika mguu, akamwinulia kikombe cha dawa.

"Kunywa!"

"Kwani nimeiba ng'ombe wa nani?" Zilpah akauliza. Wodi nzima ikacheka.

Zilpah aliwahi kuuza samaki Nakuru miaka kumi na miwili, na Kiswahili chake kilikuwa cha kumbembeleza mnunuzi. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba. Hakuweza kwenda popote. Akaweka sharti: hanywi kitu mpaka aombwe kwa sentensi nzima.

"Naomba unywe dawa, mama."

"Kwa nini ninywe?"

"Ili... ili mfupa ushike."

"Na nikikataa?"

Priscilla akafikiri. "Nitasimama hapa mpaka nichoke."

"Haya, lete, nyara," akasema Zilpah, kama Wajaluo wanavyomwita binti yao.

Tangu hapo, kila alipotandika kitanda hicho alidaiwa sentensi tatu: jana ulilalaje, leo unaumwa wapi, kesho tutakuosha nywele. Zilpah hakumruhusu kuruka hata moja. Alimfundisha kiuno, paja na kifundo cha mguu kwa kujigusa. Priscilla akikosea, wagonjwa wa jirani walimsahihisha, kila mmoja kwa namna yake, kisha wakabishana wenyewe huku yeye akiendelea na kazi.

Siku ya ishirini na sita aliletwa Benta, mkulima wa Rodi Kopany, aliyepaswa kupasuliwa kesho yake. Jioni alikuwa ameketi kitandani na viatu miguuni, tayari kuondoka. Marcella alikuwa mlangoni. Neno "lala" lilikuwa mdomoni mwa Priscilla. Akaketi kando ya mgonjwa.

"Unaogopa nini, mama?"

"Kulala nisiamke."

"Kesho niko zamu. Utakapofumbua macho utaniona nimekaa hapa. Ukisikia kiu, nitamuuliza daktari kama unaruhusiwa maji."

Benta akaanza kufungua kamba za viatu.

Orodha ya zamu za mwezi mpya ilibandikwa Ijumaa. Jina la Gisiri lilikuwa mstari wa pili. Marcella hakumpongeza, alimkabidhi ufunguo wa kabati la shuka, akamwambia kuwa kuanzia sasa madobi watamletea yeye shuka.

Habari zikafika kitanda cha nne.

"Nikitoka hapa, njoo Rusinga," alisema Zilpah.

"Hiyo ni amri, mama?"

"Ndiyo. Na ulete sabuni."