Kadi Iliyomsingizia Mama Mkwe

Uvumilivu wangu ulikwisha mchana mmoja, nimelala wodi ya wanawake hospitalini Lushoto, mtoto ananyonya. Dresa, msaidizi wa daktari anayegawa dawa, aliandika kitu kwenye kadi yangu, akaitundika miguuni pa kitanda, akaenda zake. Aliandika kwa Kiingereza. Hakujua kuwa nimesoma sekondari, hakuwahi kuniuliza. Nilijivuta nikaisoma. Kadi ilisema nimevuja damu tumboni kwa sababu ya dawa za kienyeji nilizopewa na mama mkwe, na kwamba sikutoa taarifa yoyote.

Nilitoa mara tatu.

Nilipojifungua, mguu wangu wa kushoto ulivimba. Daktari alisema damu imeganda kwenye mshipa, akanipa vidonge vya kuifanya iwe nyepesi. Akamwagiza dresa mbele yangu: kila wiki apime damu kwanza, ndipo anipe vingine, maana vikizidi, damu huvuja ndani kwa ndani. Kisha daktari akasafiri kwenda Tanga. Wiki ya kwanza niliporudi kupimwa, dresa alisema vifaa bado vinachemshwa. Ya pili akasema foleni ni ndefu. Kupima hakupima, vidonge akanipa.

Choo changu kikawa cheusi, kinanata kama lami. Nikamwambia.

"Umekula mnavu, mama," alisema, na wenzake wakacheka. "Ninyi wa milimani mnashindana na mbuzi."

"Sijala mnavu."

"Basi kula. Unaongeza damu."

Mara ya pili aliniambia wazazi wapya tuna woga. Mara ya tatu hakuinua hata macho. Siku mbili baadaye nilianguka nyumbani, kando ya kitanda, nikateremshwa mlimani kwa machela. Kwa bahati daktari alikuwa amerudi. Alisimamisha vidonge, akanichoma sindano ya kugandisha damu, akasema ningechelewa siku moja tu, mtoto angekosa mama.

Nami sasa nasoma kwamba aliyetaka kuniua ni mama mkwe.

Dresa alikuwa ameshamweleza mume wangu pia, naye akamuuliza mama yake pale pale kwenye baraza la hospitali. Mama mkwe aliingia wodini, nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo, akakaa.

"Mwanangu, nilikupa nini mimi?"

Kwetu mzazi hasogei jikoni siku arobaini. Kila nilichokula kilitoka mkononi mwake, na kila kibakuli alikionja yeye kwanza mbele yangu, ndivyo inavyotakiwa. Uji, maziwa, ndizi, mchuzi wa kuku. Kama kungekuwa na sumu, tungeinywa wote wawili. Mume wangu nilimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza neno, akatazama chini.

Niliporuhusiwa kutoka, sikwenda nyumbani. Nilikwenda bomani, mtoto mgongoni, mama mkwe nyuma yangu. Karani aliyekuwa mlangoni aliitazama karatasi yangu.

"Mumeo yuko wapi, dada? Malalamiko ya mke huletwa na mume."

"Mume wangu hakuvuja damu."

"Utatuletea matatizo."

"Ndiyo. Gonga muhuri."

Tulikaa kwenye benchi mpaka akagonga. Nilikuwa nimeandika hivi:

"Kwa Bwana Mkuu wa Wilaya. Mimi ni mama mwenye mtoto mchanga. Namlalamikia dresa wa hospitali. Alinipa vidonge vya kufanya damu nyepesi bila kupima damu yangu, kinyume cha agizo la daktari. Nilimwambia mara tatu kuwa nina choo cheusi, akanicheka. Nilipokaribia kufa, aliandika uongo kwenye kadi ili kosa limwangukie mama mkwe wangu. Yeye ndiye aliyenilisha siku zote za uzazi, naye ameweka dole gumba hapa chini kuthibitisha kwamba hakunipa dawa yoyote. Naomba uongo huo ufutwe, na dresa amwombe radhi mama huyu mbele ya watu wale wale waliocheka. Tena wagonjwa wengine wanaopewa vidonge hivi wapimwe damu leo, si wiki ijayo."