Bega la Kushoto la Mama

Mama alikuwa shabiki wa mieleka ya Marekani, baba aliipinga, na ndoa yao ilistahimili mgawanyiko huo tangu utoto wangu. Tulikaa Thika, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya Eneo la Viwanda. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Mama alipanga matunda mikebeni. Mieleka ilipoonyeshwa, mama alihamia mbele ya televisheni na sinia la mchele wa kuchambua, na sinia lile lilitikisika kila mtu alipobwagwa. Baba aliketi nyuma yake, amejifunika gazeti, akitangaza kwa utulivu kwamba watu wale walipatana kabla ya kuingia ulingoni.

Siku mtu alipotupwa kutoka juu ya kizimba cha chuma akaiangukia meza na kuipasua, mama aliacha kuchambua, akageuka.

"Na hiyo meza pia walipatana nayo?"

Gazeti lilipanda, likamfunika baba hadi utosini.

Matukio mengine aliyatunza kwa usahihi ambao ningefurahi kuuona kwa wanafunzi wangu. Palikuwa na jitu lililosemekana halibebeki, ambalo jioni moja lilibebwa, likabwagwa. Palikuwa na mtu aliyelala kama maiti, kisha akaketi wima ghafla, hata mama akasema "Bwana asifiwe" mbele ya mgeni wa kanisani. Palikuwa na yule asiyeshindwa, na ukimya wa maelfu ya watazamaji siku aliposhindwa. Lakini alichokipenda kuliko hayo yote kilikuwa kidogo sana, na hutokea karibu katika kila pambano. Mtu amelala chali, mabega yote mawili yamegusa turubali. Refa anapiga kiganja chini mara ya kwanza, anapiga mara ya pili, na kabla ya pigo la tatu, ambalo lingemaliza pambano, bega moja linainuka. Nani angeshinda baadaye, mama hakujali sana.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Alipotoka hospitalini nilimleta kwangu Ruiru, kwa kuwa baba, kwa umri wake, asingeweza kumgeuza kitandani peke yake. Mtaalamu wa viungo aliyekuja nyumbani alieleza mambo bila kuzunguka: mama akiweza kuinua bega la kushoto na kujigeuza mwenyewe, atarudi Thika, asipoweza, atabaki kwangu. Mama hakutaka kubaki kwangu. Hakulitamka, maana tangu mdomo wake upinde alizungumza kwa uchache na kwa haya; lakini kila baba alipowasili kutoka Thika na nguo safi, swali la kwanza la mama lilikuwa kama kuku wa nyumbani wamelishwa.

Mazoezi hayakuenda vizuri. Mtaalamu, kijana mwema, alimbembeleza kwa sauti wanayosemeshwa watoto, na mama akafumba macho. Mimi nilimweleza namna misuli inavyojifunza upya. Alinisikiliza kwa adabu, bila kusogeza chochote. Wiki zikapita. Asubuhi moja baba alinikuta nikipima ukuta wa chumba alicholala mama kwa ajili ya kabati la nguo zake. Aliitazama futi mkononi mwangu, kisha akamtazama mama, ambaye naye alikuwa akiitazama.

Akavua koti, akalikunja juu ya kiti. Kisha, akishikilia ubao wa kitanda, alipiga magoti, akalaza shavu karibu na godoro apate kuona nafasi iliyo chini ya bega la mama, na akapiga godoro kwa kiganja.

"Moja."

Mama akafumbua macho. Hakuna refa anayehesabu bila kwanza kuinama hivyo na kuchungulia, na mtu wa gazeti alikuwa ameijua hiyo namna siku zote.

"Mbili."

Mkono wa baba ulibaki hewani. Bega halikuinuka. Akaushusha polepole pembeni, akasema pambano linaendelea, akaomba chai.

Akarudia kesho yake, na kesho yake tena, bila kuchoka na bila kufikia tatu. Mama alianza kumngoja. Niliona shingo yake ikikaza hata kabla ya pigo la kwanza, na jasho likimtoka juu ya mdomo. Kisha alasiri moja, mkono wa baba ukiwa hewani, shuka liliachana na bega la kushoto. Nafasi ile ilitosha kupitisha kidole, kisha kiganja. Na mama, akihema, akauvuta mwili wake wote ukalala ubavu, uso kwa uso na mumewe.

"Wewe refa," alisema, kila neno likitoka kwa taabu, "unahesabu haraka. Umehongwa."

Baba alicheka hata nikalazimika kumwinua kutoka sakafuni.

Mtaalamu alipokuja, mama alijigeuza mbele yake, akarudi chali, akajigeuza tena. Kijana alitaka kujua tumefanya nini. Nilikuwa natafuta maelezo yanayofaa, lakini baba, akivaa koti, alinitangulia.

"Tulipatana," alisema. Kisha akaniuliza viatu vya mama viko wapi.