Mishale kwenye Kaburi la Mwalimu Kosgei

Mume wangu, Mwalimu Kosgei, alifundisha fizikia hapa Nakuru kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuacha gari wala ghorofa. Aliacha jina safi, na kulilinda imekuwa kazi yangu tangu tulipomzika. Inachosha kuliko nilivyodhani.

Kila mwaka, kipindi cha mwisho cha kidato cha nne, alichora ubaoni duara jeusi lenye mishale inayotoka ukingoni. Duara lilikuwa shimo jeusi, mahali angani ambapo hata mwanga ukiingia hautoki. Mishale ilikuwa mnururisho, yaani miale hafifu, ambao wanasayansi wanaamini shimo hilo hutoa, ingawa hakuna aliyewahi kuunasa. Wanafunzi wake wote wanaukumbuka mchoro huo. Kwa hiyo, tulipojiandaa kwa ibada ya kutimiza mwaka tangu kifo chake, nilimwambia fundi Makhanu auchonge kwenye jiwe la kaburi.

Siku mbili kabla ya ibada, Nerima alifika kwangu, mtaa wa Free Area. Mwalimu alimfundisha, sasa yuko chuo kikuu, anasomea shahada ya uzamivu ya fizikia. Nilimwonyesha picha ya jiwe kwenye simu. Akaikuza kwa vidole, akakunja uso.

"Sema," nikamwambia. "Huo si uso wa kusifu."

"Madam, kuna hesabu za miaka hii zinazoonyesha kwamba miale haianzii pale ukingoni. Inatoka katika eneo pana linalozunguka shimo, nje ya ukingo."

Birika lilikuwa likichemka. Akalielekezea kidole. "Ona, hapa mdomoni huoni kitu. Wingu la mvuke linaanzia huku mbele. Si sawasawa na shimo, lakini inasaidia."

"Kwa hiyo nisimame kaburini niwaambie watu mwalimu wao alikosea?"

"Alijua, Madam."

Akatoa barua mkobani. Mwandiko niliujua kabla sijavaa miwani.

"Niliwafundisha kwamba miale huanzia ukingoni kabisa. Nimesoma tena, huenda si hivyo. Ukikutana na wenzako, waambie. Mke wangu usimwambie. Ataona naliharibu jina."

Niliisoma mara mbili. Tulikula meza moja miaka yote hiyo, na jambo hili akamwandikia mtoto wa watu. Chai ilipoa nikiwa nimeishika.

Asubuhi nilimpigia Makhanu. "Fundi, hiyo mishale isogeze, isiguse duara."

"Mama, jiwe si daftari. Halina raba."

"Basi ziba mianzo yake kwa simiti."

"Itabaki alama. Watu watauliza."

"Waache waulize."

Waliuliza. Kabla hata mchungaji hajafunga ibada, mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, mtu mzima mwenye mvi, akainua mkono kama yuko darasani. "Madam, mbona mishale imekatwa?"

Nilikuwa nimetayarisha jibu fupi, la heshima. Badala yake nilifungua barua aliyoniachia Nerima nikaisoma yote. Nilipofika kwenye mstari unaonihusu, sauti ilipungua, lakini sikuuruka.

"Kumbe mwalimu alimwogopa Madam!" mtu akasema kutoka nyuma.

"Hata wewe ulikuwa ukiniogopa," nikajibu, na wakacheka.

Nikampa Nerima kipaza sauti aeleze mengine, kisha nikaketi. Miguu iliniuma.