Viroboto wa Nyumba Iliyofungwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef de service, yaani mkuu wa idara ya mifugo, alinipokea katika ofisi yake ya mtaa wa Himbi, mjini Goma, akaviangalia viatu vyangu, akanipa soksi nyeupe. Nilikuwa nimetoka shule ya mifugo na diploma mpya kabisa, nikadhani ni zawadi ya kunikaribisha. Akanipeleka kwenye zizi la mbuzi lililokuwa tupu, akaniambia nivue viatu, nivae soksi zile, niingie nitembee polepole. Nilipotoka, soksi zilikuwa zimejaa vidoa vyeusi, na vidoa vyenyewe vinaruka.

"Mutoto, weye unawaza kiroboto anaishi ku mbuzi?"

"Ndiyo, Papa Chef."

"Anakula ku mbuzi. Kuishi, anaishi huku chini. Shika hiyo. Ile ingine utaisoma mu vitabu."

Vitabu nilivisoma, lakini havikunifundisha vizuri kama yeye. Mnyama anayemlisha kiroboto tunamwita mwenyeji wake. Kiroboto mzima hunyonya damu juu ya mwenyeji, ila mayai yake hayashiki kwenye manyoya; huanguka sakafuni. Yakianguliwa, mabuu hula uchafu uliomo vumbini, kisha kila buu hujisokotea kifukofuko, yaani kijumba cha nyuzi kinachogandwa na vumbi hata usikione. Humo kiroboto aliyekwisha kukomaa anaweza kungoja wiki nyingi, hata miezi. Hatoki mpaka asikie joto, pumzi au mtikisiko, maana hapo ndipo anapojua chakula kimefika. Ana subira kunishinda mimi, na mume wangu atawathibitishia.

Kutoka Himbi nilihamishiwa Rutshuru, chini ya daktari wa mifugo wa teritware, yaani wilaya, mtu wa maneno machache aliyeheshimu ng'ombe tu. Maasi yalipofika, ng'ombe walichukuliwa, mbuzi wakafuata, na pikipiki yetu ya kazi nayo ikaenda. Tukabaki na dende, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa jikoni, ambao kwingine huitwa simbilisi. Mama anayekimbia vita humtia dende kikapuni, akamfunika kwa kitenge, akapita kizuizi cha askari bila mtu kushtuka. Daktari alinung'unika sana.

"Sasa miye nimekuwa munganga wa dende?"

Haukupita muda mrefu, alikuwa akiwabeba kifuani na kuwasemesha. Mimi nilifurahi waziwazi. Familia iliyofika salama na jike na dume ilikuwa na pa kuanzia tena.

Nilirudishwa Goma kuwa msimamizi wa mifugo wa kata kadhaa, na kabla sijazoea meza yangu volkano ikashuka. Mji ulikatwa vipande viwili na jiwe la moto. Waliopoteza nyumba walitafutiwa pa kujihifadhi, na kundi moja liliwekwa Murara, upande ambao lava haikufika, katika nyumba kubwa ya mfanyabiashara aliyekuwa na mbwa wengi. Huyo alikuwa amekimbia vita miezi kadhaa nyuma, yeye na mbwa wake, akafunga kila mlango kwa kufuli. Watu walipoingia, viroboto waliwavamia kama waliokuwa wamealikwa. Wakaniita.

Nilikuta watoto wamevimba miguu na mama zao wakipiga kelele uani. Wote walikuwa wakimpigia kelele mtu mmoja, Koko Vumilia, mwanamke mzee kutoka milima ya Masisi. Vita ilimfukuza kwao, volkano ikaja kumfukuza tena mjini. Alikuwa amekaa ukutani nje, mvua ikimnyeshea, mkono wake juu ya kikapu cha dende. Hakuwa na kitu kingine duniani. Prezida wa wahamishwa, seremala mmoja ambaye mtoto wake mwenyewe aliumwa vibaya, alikuwa ameamua. Aliniita Mama Véto, yaani mama daktari wa mifugo, kama wengine wote.

"Mama Véto, huyu koko atoke leo. Ile badende yake ndiyo ilituletea viroboto. Tutaichoma moto."

"Mulimukuta humu ndani?"

"Hapana. Tuliingia naye siku moja."

Nilichukua kitana na kitambaa cheupe, nikawachana dende mmoja mmoja mbele ya watu. Viroboto walikuwapo, wachache. Sikuwaficha.

"Si unaona!" mama mmoja akapaza sauti.

"Naona. Lakini hawa hawatoshe kuuma watu wote hawa. Prezida, kuna chumba kenye hamuyafungua bado?"

Kilikuwapo kimoja nyuma, depo ya kuwekea vitu ambayo kufuli yake ilikuwa imeshika kutu. Koko hakuwahi kuingia humo, wala dende wake, na hilo hata wabaya wake walilikubali. Nikamwomba Prezida avunje kufuli mwenyewe na achote mwenyewe vumbi la pembeni, mahali mbwa walipolala.

"Na kama hakuna kitu mu hiyo vumbi?" akaniuliza.

"Basi miye sina tena neno."

Nilijuta papo hapo kusema hivyo. Vifukofuko havionekani kwa macho. Niliweka maisha ya Koko juu ya kitu nisichokuwa na hakika nacho.

Vumbi likamwagwa katika beseni jeupe, nikalifunika kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Watu wakainama kutazama. Hakuna kilichocheza. Mtu mmoja akacheka. Nikaweka beseni juu ya sufuria ya maji ya vuguvugu, nikainua ncha ya plastiki, nikapuliza pumzi ndefu, nikalifunika tena, kisha nikaanza kugonga ukingo kwa vidole. Nikagonga, nikagonga. Kiroboto mmoja akaruka, akajibamiza kwenye plastiki. Kisha wengine. Kisha plastiki nzima ikawa inalia kama mvua ya rasharasha.

"Yezu wangu," Prezida akasema. "Banatoka fasi gani?"

"Walikuwa humu, na mu vyumba vyenu vile vile, tangu wakati wa mbwa. Wenyeji wao walienda, wao wakabaki kungoja. Mulipoingia na miguu yenu yote, wakajua chakula kimefika."

"Na inchi inatikisika kila siku tangu volkano!" akadakia yule mama aliyepaza sauti mwanzo. "Njo ile iliwaamsha!"

Nikamwambia amesema kweli. Tulichemsha maji, tukamwaga katika kila ufa wa sakafu, tukafagia, vumbi tukalichoma, tukapulizia dawa. Dende nao wakapakwa yao.

Sasa nimestaafu. Mabega hayataki tena mzigo, ila mdomo bado mzima. Vijana wanaosomea mifugo hunitembelea, na wengi wanakata tamaa wakiona mji wetu ukianguka na kuinuka. Huniuliza kazi gani niliyoifanya ilikuwa kubwa kuliko zote, wakitarajia habari za chanjo na mifugo ya Rutshuru. Nawaambia ni lile beseni. Kufahamu mdudu anaishi wapi kulitosha kumrudisha mtu ndani ya nyumba.

Maana Prezida alikwenda mwenyewe ukutani, akabeba kile kikapu kwa mikono yake miwili, akamtandikia Koko mkeka pahali pakavu. Mzee hakuwa amelala tangu lava ishuke. Alijinyoosha mchana ule ule, kikapu ubavuni, akapitiwa na usingizi hapo hapo. Na wale mama waliokuwa wamempigia kelele asubuhi wakaendelea kupita na ndoo zao za maji, wakinyata na kunong'ona, wasije wakamwamsha.